Kucha za Candida

Kila Jumatatu asubuhi, mara tu wimbo wa taifa ulipokwisha, wanafunzi wa shule ile ya nyuma ya soko la Kariakoo walinyoosha mikono mbele, viganja vikitazama chini, wakangoja. Mwalimu Zahoro alipita kati ya mistari na rula yake ya mbao. Hakuwa mtu katili. Afadhali hilo lisemwe mapema, maana watu wakiisikia habari hii hutafuta wa kumtwisha lawama, na yeye ndiye huwa wa kwanza kushikwa. Alikuwa mwalimu wa afya, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba taifa changa halijengwi na watu wenye kucha chafu.

Alisimama mbele ya Candida Theophil, wa darasa la sita.

"Wewe tena?"

"Nimenawa, mwalimu."

"Umenawia nini, masizi?"

Mstari mzima ulicheka. Rula ilishuka kwa ubavu juu ya ncha za vidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Candida hakulia. Alificha mikono kwapani, akavuta pumzi kwa nguvu, kisha akachuchumaa palepale mstarini. Kuchuchumaa huko kulimuudhi mwalimu kuliko hata kucha zenyewe.

"Inuka! Hapa si jikoni kwenu. Jumatatu ijayo nikizikuta hivi utarudi nyumbani, na darasani huingii mpaka zimetakata. Mwambie mama yako."

Mama yake, Mektilda, alikuwa akipika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, katika banda la mabati uani kwa Bi. Siti, Mtaa wa Narung'ombe. Bi. Siti alikuwa mjane, mwenyeji wa mji, na nyumba ilikuwa yake. Mektilda na mumewe Theophil walipanga chumba cha mbele. Walaji wa mtori walikuwa Wachaga wenzao wa maduka ya jumla, wapagazi wa sokoni, na yeyote aliyechoshwa na ugali. Ndizi za mshare zilishuka kwa lori kutoka Moshi, na kila alfajiri mama na binti walikaa kwenye vigoda, kisu mkononi, wakamenya mpaka rundo liishe.

Aliyewahi kumenya mshare anaujua utomvu wake. Hutoka kama maji, hukauka ukawa wa kahawia, na ukishashika kwenye ukucha huwa mweusi. Kinga yake ni kujipaka mafuta mikononi kabla hujashika kisu, lakini wakati ule mafuta ya kupikia yalikuwa ya foleni, na nani angethubutu kuyamwaga mikononi? Kwa hiyo wanawake wa Kichaga waliouza mtori Kariakoo walikuwa na kucha nyeusi, wote, na mtu akikuona nazo hakuwa na haja ya kukuuliza kabila. Mektilda alizitazama kucha za mwanawe kila siku ya Mungu na hakuziona. Mazoea yana taabu.

Mchana ule alipoambiwa maneno ya mwalimu alihisi uso ukimwaka. Kuitwa mchafu, yeye ambaye sufuria zake zilimetameta mpaka majirani wakamtania kwamba anazipaka poda!

"Lete mikono hapa."

Alikata ndimu, akaichovya kwenye chumvi, akasugua. Alianza na kidole chake mwenyewe ili kumwonyesha mtoto, na weusi ukalegea. Akaja kwenye vya Candida. Akasugua mpaka ndimu ikabaki ganda.

"Mbona zangu zinatoka?"

"Sijui, mama."

"Hujui kwa sababu hunawi. Mtoto wa kike mvivu namna hii sijapata kuona. Maji ukitumwa, unachuchumaa njiani. Kuni ukitumwa, unachuchumaa. Sijui nimekuzaa au nimekuokota!"

Ni maneno ambayo mama yeyote huyasema akiwa na kazi nyingi. Mengi ya aina hiyo husemwa yakasahauliwa, na Mektilda angetoa chochote baadaye ili haya nayo yasahaulike.

Bi. Siti alikuwa amekaa mlangoni akisuka ukili. "Mwanangu Mektilda, ndimu peke yake haitafua dafu. Choma kifuu, jivu lake ulichanganye na ndimu, utie na magadi kidogo. Kucha zitang'aa kama za biharusi."

"Na zisipong'aa, bibi?"

"Basi hina. Ukishapaka hina nani atajua chini kuna nini?"

"Hina shuleni hawaitaki. Na baba yake akiiona atasema nimembadilisha mtoto dini."

Bi. Siti alicheka mpaka akakohoa. "Haya, tuanze na kifuu."

Walianza na kifuu. Siku ya pili wakatumia magadi, siku ya tatu siki, kisha mafuta ya nazi yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, yaliyotoka katika kichupa ambacho Bi. Siti alikitunza kwa ajili ya miguu yake. Mektilda alisugua kwa brashi ya kufulia. Vidole vya Candida vilikuwa vinene nchani, kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko. Theophil alisema ni vidole vya bibi yake wa Kibosho, mwanamke aliyelima kuliko wanaume. Brashi iliparuza nyama kandokando ya kucha mpaka ikatoka damu.

"Mama, basi. Zinauma."

"Uchafu ndio unaouma. Tulia."

Candida alitulia. Alikuwa mtoto wa kutulia, na hilo nalo walilihesabu kuwa uvivu.

Jumamosi banda lilijaa. Bwana Mrisho, karani wa bandarini na mlaji wa mtori wa siku nyingi, alikuja na wageni wawili aliowasifia chakula njia nzima. Candida aliwapelekea mabakuli. Alitembea polepole, kifua kikipanda na kushuka, kidole gumba kikiwa kwenye ukingo wa bakuli, na Bwana Mrisho akakiona.

"Mama Candida! Hebu njoo. Huyu mtoto ana nini?"

"Utomvu tu, baba. Si unajua kazi yetu."

"Utomvu naujua. Wako nimeula miaka yote, na sijalalamika." Wageni walicheka. "Lakini zako ni nyeusi. Za huyu zina rangi nyingine. Mtazame mwenyewe." Akalisukuma bakuli mpaka katikati ya meza.

Kweli ilikuwa imesemwa mbele ya watu wote, mchana kweupe, lakini ilikuja imevaa dharau, na mtu aliyedharauliwa hasikii kingine. Mektilda aliliondoa bakuli, akaleta jingine kwa mkono wake, akaomba radhi. Aliporudi jikoni alimpiga Candida kofi la mgongoni, si kubwa, akamwambia asionekane tena mbele ya wateja.

Theophil alizipata habari hizo kabla hajavua viatu. Alikuwa mtunza stoo katika duka la jumla la vitambaa, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na hakuna alichokiogopa kama kuchekwa na watu wa mjini.

"Bakuli linasukumwa mbele ya wageni! Kesho sokoni watasema Wachaga wanapika ndizi pamoja na kucha."

"Nimesugua, baba Candida. Nimesugua mpaka damu."

"Basi aache kumenya, aache kugawa. Achote maji. Maji hayana utomvu, na yatamnawisha."

Lilionekana ni shauri la busara. Tangu siku hiyo Candida alichota maji bombani, ndoo baada ya ndoo. Kila alipofika kwenye duka la kona alitua ndoo, akachuchumaa, magoti kifuani, akiangalia chini mpaka pumzi irudi. Watoto wa mtaani walimpa jina: Chura. Mektilda alimwona kutoka mlangoni, akamwita kwa sauti ya kuwasikilizisha majirani, ili wajue kwamba yeye halei uvivu.

Jumatatu, Mwalimu Zahoro alimrudisha nyumbani. Alirudi polepole, mikono mfukoni mwa sketi, akamwambia mama yake: "Amesema bado ni chafu." Kisha akaenda mwenyewe kwenye kapu, akatoa ndimu.

Novemba malori yalikwenda vitani. Lile la Severine, mdogo wake Theophil, lililokuwa likishusha ndizi Kariakoo, lilichukuliwa pamoja naye mwenyewe, dereva wake, na watu walilipungia mkono kwa fahari, maana nchi ilikuwa imevamiwa na hapakuwa na mtu wa kunung'unika. Sokoni sehemu ya ndizi ilibaki majani makavu. Mektilda aliweka visu vyake juu ya kabati, akauza uji na mihogo ya kuchemsha. Walaji walipungua, shule ikafungwa, na habari ya kucha ikapoa kwa sababu palikuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Krismasi ilipokaribia, Theophil alipanga foleni akapata mchele, mchele mbaya wenye mawe mengi. Jumapili baada ya misa Mektilda alitandika mkeka uani, akaweka ungo katikati, akamwita Candida wachambue pamoja. Jua lilikuwa la kutosha. Mikono minne iliingia kwenye mchele.

Mektilda alisimamisha mikono yake. Alikuwa ameziona kucha zake mwenyewe kana kwamba ni za mtu mwingine: zimekua, safi, nyekundunyekundu, kama zilivyokuwa alipokuwa msichana. Wiki nyingi hakuwa amegusa ndizi. Kando yake, juu ya mchele uleule mweupe, kucha za Candida zilikuwa na rangi ya bilinganya.

"Umemenya ndizi kwa nani?"

"Sijamenya, mama."

"Usinidanganye. Kwa mama Anaeli wa banda la pili?"

"Ndizi hazipo, mama. Hata yeye hana."

Ni kweli, hazikuwepo. Mektilda alitemea mate pembe ya kanga, akaushika mkono wa mtoto, akasugua kidole gumba taratibu. Kisha akaubonyeza ukucha, akauachia. Rangi ilitoweka, ikarudi. Ilikuwa ikitoka ndani. Aliinua uso akaitazama midomo ya mwanawe, akaifunua kwa kidole, na ufizi nao ulikuwa hivyohivyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyemnyonyesha, aliyemwogesha, aliyelala naye chumba kimoja, na leo ndipo anamwona!

"Bi. Siti!" aliita. "Bi. Siti, njoo uniangalizie mtoto!"

Bi. Siti alikuja na bakora yake, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Hakutaja dawa yoyote. "Mpeleke hospitali kubwa," alisema. "Kesho usipike."

Kwenye benchi la hospitali walikaa watatu, Theophil akiwa na shati lake jeupe. Candida alimnong'oneza mama yake.

"Mama, umebeba ndimu?"

"Ya nini?"

"Nisugue kidogo kabla hatujaitwa. Daktari asije akakasirika."

Mektilda aliifunika mikono ile kwa kanga yake. Alimvuta mtoto karibu, na Theophil akageukia ukutani akajifanya anasoma tangazo la chanjo.

Daktari Jaya alikuwa mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa cha palepale. Hakumgombeza mtu. Alivishika vidole kimoja kimoja, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akasikiliza tena.

"Akitembea anachuchumaa?"

Mektilda alishtuka. "Nani amekwambia?"

"Wagonjwa wa namna hii huchuchumaa. Akikaa hivyo anapata nafuu ya pumzi. Ameanza lini?"

"Tangu ajue kutembea." Sauti ya Mektilda ilipungua. "Tulidhani ni uvivu, daktari."

"Na kucha?"

"Tulidhani ni utomvu wa ndizi. Nilisugua. Ndimu, magadi, jivu la kifuu… nilisugua mpaka akatoka damu."

Daktari alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Alieleza kwamba moyo wa Candida ulizaliwa na tundu, na njia ya kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba, kwa hiyo damu ambayo haijapata hewa ilizunguka mwilini pamoja na nyingine. Ndiyo iliyoonekana kwenye kucha. Ndimu haifiki huko. Upasuaji ungewezekana, lakini si hapa, ni ng'ambo. Wagonjwa walipelekwa kwa zamu kwa gharama ya serikali, na yeye angeandika jina lake leo hii.

"Walio mbele yake ni wengi?" aliuliza Theophil.

"Wapo. Na kwa vita hivi wanaokwenda wamepungua. Sitakudanganya, bwana."

"Tungemleta mapema…"

Daktari Jaya alimpa Candida peremende kutoka kwenye droo ya meza, na Candida akaipokea kwa mikono miwili huku amekunja vidole ili kucha zisionekane.

Alilazwa mwezi Januari. Mektilda alilifunga banda, akawa analala chini kando ya kitanda cha mwanawe. Kila asubuhi, kabla madaktari hawajapita, Candida alisugua kucha zake kwa ganda la chungwa. Wauguzi walimwambia hana haja ya kufanya hivyo, baba yake akamwambia, Bi. Siti aliyekuja na uji wa ulezi naye akamwambia. Aliitikia ndiyo, na kesho yake akasugua. Mektilda peke yake hakusema kitu. Kila alipotaka kulisema lile neno aliona brashi ya kufulia mkononi mwake, akanyamaza, akijiambia atalisema kesho, akiwa na nguvu zaidi.

Jumapili moja Mwalimu Zahoro alifika na maembe mawili kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, na bila rula alionekana mdogo. Candida alipomwona alijisukuma akakaa wima, akanyoosha mikono mbele, viganja vikitazama chini.

Wodi nzima ilimtazama mwalimu. Aliweka maembe kitandani, akaishika ile mikono miwili, akaishusha polepole juu ya shuka. Alimwangalia Mektilda, Mektilda akatazama sakafu. Alitoka bila kuaga, na waliomwona kwenye ngazi wanasema alisimama pale muda mrefu, mkono kwenye nguzo.

Jina la Candida lilisogea kwenye zamu, si haraka. Masika yakaanza. Asubuhi moja ya mvua aliomba akalishwe sakafuni, na muuguzi alipokataa, Mektilda alimbeba mwenyewe akamshusha. Candida alichuchumaa, magoti kifuani, kichwa kwenye paja la mama yake. Hakuinuka tena.

Wachaga huzika nyumbani. Severine alikuwa amerudi na lori lake, limechubuka, likiwa na mikungu ya kwanza ya mshare iliyoonekana Kariakoo tangu Novemba. Ndilo lililoegeshwa mbele ya nyumba ya Bi. Siti, likingoja kumpandisha Candida Kibosho. Ndizi zilishushwa kwa ajili ya wafiwa, na alfajiri wanawake wakazimenya uani mpaka kucha zao zikawa nyeusi.

Kisha wakaingia chumbani kumwosha mtoto. Aliyewaongoza ni Severa, dada yake Theophil, mwanamke wa kanisa, mwenye mkono mwepesi. Waliosha uso, shingo, miguu. Severa aliposhika mkono wa kulia alisita, akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Akanyoosha mkono kwenye kikapu, akatoa ndimu na brashi.

"Wifi, acha," alisema Mektilda kutoka pembeni, alikokalishwa.

"Kidogo tu, wifi. Hatuwezi kumpeleka nyumbani na kucha hizi. Watu watamtazama."

Mektilda aliinuka. Wanawake walitaka kumshika, maana mama hatakiwi kuosha, lakini aliwapita. Aliichukua brashi mkononi mwa Severa, akaiweka chini. Akapiga magoti.

"Mwanangu ni msafi," alisema. "Candida, mama, mikono yako ni safi. Ilikuwa safi siku zote."

Alirudia, na tena, kwa sauti iliyofika uani walikokaa wanaume, huku akimnawisha kidole kimoja kimoja kwa maji matupu. Severa alitazama kucha zake mwenyewe, nyeusi kwa utomvu wa alfajiri ile, akairudisha ndimu kikapuni.